Kipande cha reli cha fuawe: nani ana haki ya kukuuzia?

Kamukunji, Nairobi, unaisikia kabla hujaiona. Nyundo zinagonga bati kila upande, kila moja na mwendo wake, na ukitoka pale masikio yanaendelea kuvuma mpaka ufike nyumbani. Huko ndiko yanakotoka masanduku ya wanafunzi wa bweni, makarai, majiko ya makaa na vikaango vya chipsi. Sasa tazama kilicho chini ya nyundo. Mara nyingi utakuta si fuawe ya dukani, lile pande la chuma la kufulia, bali kipande cha reli, futi moja au mbili, kimelazwa juu ya gogo au kimesimikwa ardhini, na kichwa chake kinang'aa kwa miaka ya kupigwa.

Mafundi hawakukichagua kwa bahati. Chuma cha reli kina kaboni nyingi kuliko nondo za ujenzi, na kimetengenezwa kibebe magurudumu ya tani nyingi bila kubonyea. Ukikipiga, nyundo inaruka juu yenyewe na kukupunguzia kazi. Umbo lake nalo linamfaa mhunzi: kichwa chenye mviringo kidogo cha kukunjia, kiuno chembamba, na unyayo mpana wa kunyooshea. Halafu kuna uzito. Reli ya ratili 80 (Waingereza walipima kwa ratili kwa kila yadi, na jina limebaki) ina takriban kilo 40 kwa mita, kwa hiyo nusu mita tu ni kilo 20. Wengi huilaza, nami nililaza yangu kwa muda mrefu kabla sijaonyeshwa kuwa ukiisimamisha wima kilo zote hizo zinakaa chini ya pigo lako, badala ya kujigawa kulia na kushoto.

Kwa hiyo kila mwenye karakana anakitaka. Shida ni namna ya kukipata bila kuishia kituo cha polisi, na hapo mambo yana mafundo kuliko watu wanavyodhani.

Nilipokuwa naanza kazi huku pwani, kijana mmoja alinijia na mkokoteni jioni, mzigo umefunikwa gunia. Chini ya gunia palikuwa na kipande cha reli cha mita moja hivi. Nikamuuliza kimetoka wapi. Alinipa majibu matatu kwa pumzi moja: "Kilikuwa kimetupwa tu, bosi, huko treni haipiti. Na nimepewa na mtu wa ndani. Ukitaka risiti nakuandikia." Kila jibu lilikuwa na kosa lake la kisheria, na nadhani ukiyaelewa yale matatu umeelewa karibu habari yote.

Tuanze na "kimetupwa". Reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa 1896 na ikafika ziwani, palipo Kisumu ya leo, mwaka 1901. Baadaye yakaja matawi: Voi hadi Taveta, Gilgil hadi Nyahururu, Rongai hadi Solai, na mengine. Mengi yalikaa miaka bila treni, nyasi zikaota katikati ya mataruma, watu wakalima mpaka ukingoni. Anayekulia karibu na njia kama hiyo anaamini kwa moyo safi kwamba ile ni mali ya Mungu. Sivyo. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipovunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, mali iliyokuwa Kenya iliishia mikononi mwa Shirika la Reli la Kenya, lililoundwa kwa sheria mwaka 1978. Hata kati ya 2006 na 2017, kampuni binafsi ilipopewa mkataba wa kuendesha treni, njia yenyewe ilibaki mali ya umma. Mpangaji hawi mwenye nyumba kwa kukaa sana.

Kuacha kutumia mali si kuitupa. Ili mali ya shirika la umma iache kuwa yake, lazima pawe na uamuzi wa kuitoa, nao uandikwe. Baadhi ya njia zilizodhaniwa kufa zimefufuliwa, Nanyuki ikiwa mfano mmoja. Aliyekuwa ameng'oa mita 20 huko kwa kudhani ni takataka aliacha pengo ambalo mlipa kodi alilipia.

Kuna jambo jingine ambalo hata wasomi hulikosa. Reli ikishang'olewa kihalali, tuseme njia inatengenezwa upya, si lazima iwe skrapu. Iliyochakaa kwenye njia kuu inaweza kuhamishiwa njia ya kupishania au ya karakana, ambako treni zinakwenda polepole. Nyingine hugeuzwa nguzo za ua, mihimili ya makalvati, au nguzo za ishara. Ukipita stesheni za zamani utaziona zimesimama kama askari. Kwa hiyo rundo la reli kando ya njia, limepangwa vizuri na hakuna mlinzi, huenda linangoja kazi. Na mkandarasi aliyezing'oa, isipokuwa mkataba wake unasema vingine, si mwenyewe. Kibali chake ni cha kung'oa na kupanga, basi.

Jibu la pili, "nimepewa na mtu wa ndani", ndilo linalowaponza watu wazima wenye akili. Nyapara wa njia unamfahamu, ni jirani, mnasali pamoja. Anakwambia chukua hicho, hakina kazi. Nia yake ni njema, ila hana mamlaka ya kukupa. Kenya tunayo Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, na ndani yake mali isiyohitajika tena ina safari yake. Idara inayoitumia inaitaja. Kamati ya uuzaji wa mali inaikagua na kupendekeza itolewe kwa njia gani. Afisa mkuu anayewajibika kwa mali ya shirika ndiye anayekubali au kukataa. Njia zenyewe zimetajwa: kuihamishia kwa taasisi nyingine ya umma, zabuni ya wazi, mnada wa hadhara, kuitoa kama sehemu ya malipo ya kifaa kipya, au kuiharibu kama taka. Humo hakuna njia inayoitwa "nimepewa na nyapara". Sheria hiyohiyo inabana hata kuwauzia wafanyakazi wa taasisi husika, kwa sababu zisizohitaji kuelezwa.

Ile njia ya kwanza kwenye orodha, ya kuhamishia taasisi nyingine ya umma, inawahusu walimu wa ufundi, na sijui kwa nini haitumiki zaidi. Chuo cha ufundi cha serikali chenye darasa la uhunzi kinaweza kuandika barua rasmi kwa shirika, kikieleza kinataka vipande vingapi, vya urefu gani na vya kufundishia nini. Hakuna mnada wala mashindano ya bei. Barua inayosema "vipande 10 vya sentimita 50, vilivyokataliwa kwa matumizi ya njia" inashughulikika. Inayosema "tunaomba msaada wa vyuma" italala kwenye trei.

Fundi binafsi hana mlango huo. Kwake kuna zabuni na mnada, na hapo anakutana na ukuta: mashirika huuza kwa mafungu makubwa, tani kwa tani, kwa sababu mteja wao wa kawaida ni kiwanda cha kuyeyusha vyuma. Wewe unataka kilo 20. Kuna namna mbili za kuupita ukuta huo. Ya kwanza ni mafundi kuungana, kama chama au ushirika uliosajiliwa, wakanunua fungu dogo kwa jina la kikundi na kugawana. Nimeona watu wakipanga hivyo na wakashindwana kwenye usafiri, maana reli ya mita 12 haipandi pikapu, na kuikata ukiwa bado ndani ya yadi ya muuzaji kunahitaji ruhusa yake. Jambo hilo lizungumzwe kabla ya kutoa bei, si siku ya kubeba.

Ya pili ni kununua kwa aliyeshinda fungu, au kwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu mwenye leseni aliyenunua kwake. Hii ndiyo njia ya watu wengi, na ndiyo inayotupeleka kwenye jibu la tatu la yule kijana.

"Ukitaka risiti nakuandikia." Kitabu cha risiti kinauzwa duka la vitabu kwa bei ya soda mbili. Karatasi ile inathibitisha kwamba ulimpa pesa. Haithibitishi kwamba alikuwa na haki ya kuuza, kwa sababu mtu hawezi kukupa haki asiyokuwa nayo. Kinachohitajika ni mnyororo wa karatasi unaorudi nyuma hadi kwa mwenye mali: barua ya kukubaliwa zabuni au hati ya dalali wa mnada, risiti ya malipo kwa shirika, hati ya mizani, kibali cha kutokea getini, kisha ankara ya aliyekuuzia wewe. Huhitaji nakala halisi. Nakala za kawaida zinatosha, mradi majina, tarehe na uzito vinashikana. Mfanyabiashara aliyenunua kwa haki hana sababu ya kuzificha, labda akafunika tu pale penye bei yake, nami sina ugomvi na hilo.

Kenya ina Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015, iliyounda Baraza la Vyuma Chakavu la kutoa leseni. Mwenye leseni anatakiwa kuweka kumbukumbu: kanunua nini, kwa nani, lini. Imemlenga anayefanya biashara ya vyuma hivyo. Fundi anayenunua kipande kimoja akitumie hafanyi biashara hiyo. Lakini siku atakaponunua vitano, atumie kimoja na kuwauzia wenzake vinne kwa faida, amevuka mstari, hata kama yeye anajiita fundi. Wenye karakana wengi huvuka bila kujua.

Serikali haina mzaha na jambo hili, na kuna sababu. Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuanguka na sehemu kubwa ya nchi kukaa gizani, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu. Zuio liliondolewa Mei mwaka huohuo, na masharti yakakazwa. Miezi ile mafundi wa Gikomba na Kariobangi waliteseka kwa kosa la wengine. Tangu hapo, kipande cha reli kwenye mkokoteni kinatazamwa kwa jicho tofauti.

Jicho hilo lina vifungu. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinamhusu anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Kifungo chake kinaweza kufika miaka 14. Soma tena hayo maneno ya katikati. Si lazima ithibitishwe kwamba ulijua. Bei ya kutupa, saa ya usiku, gunia juu ya mzigo, muuzaji asiye na kitambulisho: vyote hivyo vinaweza kutajwa kama sababu ya kuamini. Kifungu cha 323 kinamgusa aliyekamatwa akibeba au akiwa na kitu kinachoshukiwa kuwa cha wizi, akashindwa kuieleza mahakama alikipataje. Ndiyo maana "nilirithi kwa mwalimu wangu", ambalo kwa fuawe nyingi za zamani ni kweli kabisa, linatakiwa liandikwe mahali. Kama unacho kipande cha namna hiyo, hati fupi ya kiapo mbele ya wakili, ikieleza kilikotoka na alama zake, ina thamani kuliko maelezo ya mdomo.

Alama zenyewe zinasomeka. Chukua brashi ya waya, sugua kiuno cha reli, na ukibahatika kipande chako kitakuwa na maandishi yaliyoinuka, yaliyochapwa chuma kikiwa bado chekundu kiwandani. Kwa kawaida yanataja kiwanda, uzito na mwaka. Hayafutiki kwa kutu, na anayeyasaga kwa grainda amejieleza. Linganisha na karatasi. Kama hati inasema reli za ratili 50 na wewe unashika kitu chenye kimo cha sentimita 13, mmoja kati yenu anadanganya, kwa sababu ile ya ratili 50 ina kimo cha sentimita 10 hivi. Sentimita 13 na kidogo ni ratili 80.

Kitu cha kuogopa zaidi ni kipande kikubwa cha kilo 60 kwa mita, unyayo wa sentimita 15, kimo zaidi ya sentimita 17. Hiyo ni reli ya SGR. Njia ya Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa Mei 2017, na reli ya namna hiyo haichakai kwa miaka michache. Masalio ya ujenzi yapo duniani, siwezi kukataa. Ila karatasi ya kipande kama hicho inatakiwa iwe nzito kama chuma chenyewe.

Halafu tazama kichwa na ncha. Hapo ndipo yule kijana wa mkokoteni alipojimaliza. Kichwa cha kipande chake kilikuwa kinang'aa kama kijiko upande mmoja, ule wa ndani, ambako ukingo wa gurudumu husugua. Kwa hewa ya pwani, reli isiyopitiwa na treni haikawii kupata wekundu wa kutu. Ncha zake zilikuwa zimekatwa kwa gesi, bado zina machozi ya chuma yaliyoganda na rangi ya buluu iliyozunguka mkato. Kwa maneno mengine, treni ilikuwa imepita juu ya "kilichotupwa" kile wiki hiyohiyo. Nilimwambia akirudishe, akanitazama kama mwendawazimu, akaondoka na mkokoteni wake. Nilimpigia simu mwenye duka la jirani aliyejua pa kupeleka habari. Usiku ule sikulala vizuri, nikifikiria treni ya abiria na pengo la mita moja.

Kuna vyanzo vingine, na kwa fundi mdogo huenda ni bora. Mashamba ya mkonge ya Tanga yalikuwa na reli nyembamba za kusukumia toroli za majani hadi kwenye mashine, na viwanda vya sukari vya zamani vilikuwa nazo pia. Reli zile ni nyepesi, unabeba mita nzima begani, na kwa kazi ya bati, shaba au visu zinatosha kabisa. Zilikuwa mali ya shamba, si ya shirika la reli, kwa hiyo mwenye shamba anaweza kukuuzia kwa ankara ya kawaida. Tahadhari ni moja: hakikisha anayeuza ndiye mwenyewe. Shamba lililofilisika liko chini ya mfilisi, na la zamani la serikali huenda mali zake hazijagawanywa. Meneja au mlinzi haitoshi. Reli za kreni za kiwandani nazo ni nzuri, nene na ngumu, na kiwanda kinapobomolewa huuzwa pamoja na mihimili.

Usichukue kipande cha makutano, pale njia inapogawanyika, hata kikiwa halali. Mara nyingi hicho kimesubuliwa kwa chuma chenye manganizi nyingi, ambacho huwa kigumu zaidi kadiri unavyokigonga. Utaunguza keekee zote ulizonazo ukijaribu kutoboa tundu moja. Jaribu sumaku: kisiposhika, kiache.

Ng'ambo ya Namanga mambo ni yaleyale, majina tu ndiyo yanabadilika. Reli ya Kati iko chini ya Shirika la Reli Tanzania, ile ya Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi iko chini ya TAZARA inayomilikiwa na Tanzania na Zambia, na kwa vyuma chakavu ulizia vibali vya upande wa mazingira pia, kwa sababu kanuni za taka hatarishi za 2021 zinawagusa wafanyabiashara wake. Kununua upande mmoja wa mpaka na kubeba hadi upande wa pili ni habari ya forodha, na kwa fuawe moja haistahili usumbufu.

Kipande changu nilikipata mwishowe kwa mfanyabiashara mwenye leseni aliyekuwa amenunua fungu la mnada. Alicheka niliposema nataka sentimita 45. Nilikaa kwenye yadi yake nusu siku nikigeuza vipande mpaka nikapata kimoja ambacho kichwa hakijalika upande mmoja na hakina ufa kwenye tundu la boliti, maana nyufa huanzia hapo. Nikamwomba akikate kwa msumeno badala ya gesi, kwa kuwa moto hugumisha ncha na kuifanya ivunjike vibaya. Mizani ilisema kilo 18. Akanipa ankara iliyoandika ratili 80, urefu, uzito, maandishi ya kiunoni, namba ya leseni yake na namba ya fungu. Kazi ile ya kuandika ilimchukua dakika tano na ilinigharimu chai. Tulikibeba saa nane mchana, bila gunia.

Kimesimama wima ndani ya gogo la mwembe, kimekazwa kwa pete ya bati. Nakala za karatasi ziko kwenye mfuko wa nailoni, nimezipigilia upande wa nyuma wa gogo. Mwaka jana askari wawili walipita wakiulizia habari za nyaya zilizoibwa mtaani, mmoja akasimama mbele ya fuawe na kuuliza hiyo kitu imetoka wapi. Nikageuza gogo. Alisoma zote, taratibu, kidole kikifuata mistari, akazirudisha kwenye mfuko, kisha akaniuliza geti la futi kumi natengeneza kwa shilingi ngapi.